Maombi kwenye Uwanja wa Shabaha

Juzi nilikuwa nje kidogo ya Migwani, nikitazama askari wa akiba wakifundishwa kulenga shabaha. Mwalimu wao, afande mwenye kibendera chekundu, aliwaambia sheria ni moja: mtutu uelekee shabaha saa zote. Atakayeivunja atarudisha bunduki aende nyumbani.

Kisha, kama ilivyo desturi yetu huku, akamwomba mmoja wao, mzee wa kanisa, afungue kwa maombi.

"Tuinue mikono kwa Bwana," mzee akasema.

Wote wanane wakafumba macho, wakainua mikono. Bunduki zenye risasi zikapanda nayo, kila mtutu na upande wake. Nilichungulia kwa jicho moja, nikamwona afande amelala kifudifudi mchangani.

Baada ya amina akainuka, akajipangusa vumbi.

"Nani aliwaambia muombe mkiwa mmeshika bunduki?"

"Ni wewe, afande," mzee akajibu kwa upole. "Na wewe ndiye umenyenyekea kutushinda."

Afande hakumfukuza mtu. Angeanza na nani? Alikusanya bunduki zote, akaamuru maombi yarudiwe mikono mitupu. Safari hii aliongoza mwenyewe, na hakufumba macho.