Gari Lililonguruma Migombani

Mimi niliyeendesha malori ya kahawa mpaka nikaota mvi, nimeumbuliwa na gari lisilo na kelele.

Mwanangu Elia alipanda mlimani kwa Krismasi na gari linalotumia petroli na umeme. Akaliegesha migombani, vioo vyote chini. Nikatega sikio: kimya. Limezimwa, nikajisemea kibingwa. Nikaingia ndani ya gari kufanya mazoezi ya maneno yaliyokuwa yamenishinda.

"Elia, usiondoke kesho. Tangu mama yako afariki, nyumba hii inaniogopesha."

Injini ikanguruma yenyewe! Nikajua nimeliharibu. Nikakimbia kuchuma jani la isale, ambalo sisi Wachagga huombea msamaha, nikampelekea mwanangu mbele ya wageni wa sikukuu, kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Nimeua gari lako."

Wageni wakacheka mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika.

"Hujaua kitu, baba. Nilisahau kulizima. Likiwa kwenye umeme halisikiki. Betri ikipungua, injini inajiwasha kuichaji, hata likiwa limesimama."

Nikacheka nao, kwa sauti kuliko wote. Elia hakucheka. Aliligeuzageuza lile jani, kisha akaniinamia sikioni.

"Baba, vioo vilikuwa wazi. Nilikusikia."