Maji ya Kichwani

Katuni yangu ya kwanza niliwaonyesha watoto wa shule ya Jumapili, kanisani kwetu Kalamba. Mama alikaa mbele; nilitaka aone kwamba kazi iliyonifanya niache ualimu ni kazi kweli. Nyanya wa katuni, susu kwa lugha yetu, alipotokea na mtungi wa maji kichwani, watoto walicheka.

“Huyo susu ni wa wapi?” msichana mmoja aliuliza. “Si atamwaga yote!”

Huku kwetu maji hubebwa mgongoni, kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Paji la mama lina alama ya kamba hiyo. Mimi nilichukua mchoro wa nyanya uliochorwa na wengine, uliokuwa tayari kwenye kompyuta.

Mama alishusha kitambaa chake cha kichwa, alama ikafunikwa.

“Ni nzuri, mwanangu,” akasema.

Afadhali angecheka.