Vyerehani Sita vya Muyinga

Kama kuna mtu anadhani kugawa fedha za watu ni kazi tamu, angekuja akae siku moja kwenye kiti nilichokalia mimi. Nilikuwa katibu wa mfuko wa jamii wenye ofisi Gitega, vyumba viwili juu ya duka la saruji na misumari. Wafanyabiashara walichangia, misikiti na parokia zilichangia, ndugu zetu walioko ng'ambo walituma chao. Kila mwaka sehemu ya fedha hizo ilitoka kama ruzuku kwa vikundi vya Gitega na Muyinga. Kikundi kinajaza fomu, kamati inakwenda kukitazama, inarudi kujadili, kisha mimi naandika barua. Wenye uhitaji mkubwa ndio wanaotangulia. Na ukutani tulibandika sheria moja: mwenye ndugu katika kikundi aseme, na wakati wa kujadili atoke nje.

Mwaka huo wanawake washonaji wa mtaa wetu, Muyinga, waliomba vyerehani vinne. Walikuwa na viwili, kimoja kibovu. Miongoni mwao alikuwamo mama mkubwa, dada wa marehemu mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba. Zamu yake ya kushona ilifika mara moja kwa wiki, ikifika. Siku zilizobaki alikuwa mpakani Kobero, akiwabebea wachuuzi magunia kutoka kwenye malori. Alikwisha kupita sitini. Vyerehani vikipatikana angekaa chini akashona kila siku, mgongo ukapumzika. Hilo tu ndilo nililolitaka mwaka ule mzima.

Nilipaswa kusema kwamba ni mama yangu mkubwa. Sikusema. Nilijidanganya kwamba yeye si kiongozi wa kikundi, na kwamba mtaa wetu ukiufuatilia sana wote ni ndugu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwemo chumbani kikundi chao kitakapotajwa.

Ziara zilianzia Makebuko, kwa wakulima walioomba mbuzi. Wengi wao walikulia katika kambi za wakimbizi Tanzania, wakarudi wakubwa.

"Karibuni sana," kiongozi wao, mama mmoja, alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Zizi ndilo hilo. Kama mnavyoona, halina hata mbuzi mmoja."

Hakuona haya hata kidogo. Kambini alijifunza kwamba mgeni mwenye daftari huonyeshwa kilichopungua. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu mwenye moyo laini, alilitazama zizi tupu muda mrefu, akatikisa kichwa na kuandika. Nilimwonea wivu yule mama, na mpaka leo namwonea.

Safari ya Muyinga ilikuwa wiki iliyofuata. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapigia simu siku nne kabla, kama utaratibu ulivyotaka. Laiti simu ile ingekataa. Kwetu mgeni akitangazwa, nyumba inaazima. Inaazima mkeka, birika, vikombe, pazia la jirani likiwa zuri kuliko lenu. Kumpokea mgeni katika chumba kitupu ni kumtukana, na ni kujivua nguo. Utotoni nilitumwa kuazima mpaka miguu ikaota sugu, halafu nikakaa ofisini Gitega miaka michache, nikasahau. Nilistahili kibao.

Tuliingia tukakuta kitambaa cheupe mezani, sambusa, chai ya tangawizi, na vyerehani sita vimepangwa mstari mmoja vikimeta kwa mafuta. Nilivijua karibu vyote. Chenye mguu uliochomelewa kilikuwa cha fundi suruali wa karibu na msikiti. Cheusi kilichofutika maandishi ndicho nilichojifunzia kushona kwa jirani yetu, na alivyokuwa mchoyo, sijui walimbembeleza vipi.

"Karibuni, karibuni, tuko na furaha kabisa," mama mkubwa aliiambia kamati. Mimi alinipa mkono kama mgeni mwingine yeyote, asije akaniharibia kazi. Nilipoinama kuvua viatu akaninong'oneza, "Tumejikaza, mwanangu. Hautapata haya."

Mwenyekiti alipita akihesabu kwa kidole.

"Mashini sita! Iko bien. Munafanya kazi ya nguvu, wamama."

"Tunajaribu tu, Mwalimu," walijibu, na nyuso zao zilijaa furaha ambayo ningetaka kuilia.

Niliwakasirikia. Niliwakasirikia kwa sambusa zao na mafuta yao ya kung'arishia, na nikajikasirikia zaidi mwenyewe. Nilikula sambusa tatu mfululizo kwa sababu sikujua mdomo wangu niufanyie nini.

Njia nzima ya kurudi Gitega nilikaa nyuma ya dereva nikitafuta pa kutokea. Nikisema vyerehani vinne ni vya kuazima, kamati itasema wanawake hawa ni waongo, wameichezea, na mwombaji mwongo hafikiriwi tena. Tena wataniuliza nimejuaje, na hapo nitalazimika kueleza kwamba nilikulia mtaa ule ule, na ni nani aliyenilea. Nikinyamaza, basi wana vyerehani sita, hawana shida. Niliigeuza hivi, nikaigeuza vile, kila upande ulikuwa na ukuta. Dereva aliniuliza kama gari linanitia kichefuchefu. Nikamwambia ndiyo.

Kikao kilifanyika Alhamisi. Makebuko walipita bila mtu kupinga. Halafu mwenyekiti akaifungua fomu ya Muyinga.

"Bon. Hapa waliandika mashini mbili, na sisi tuliona sita," alisema. Nilishika kalamu kwa nguvu. "Mi nafikiri walipata zingine nyuma ya kuandika. Mungu awabariki. Lakini we ni mtu wa Muyinga, tuambie. Zilikuwa ngapi?"

Alikuwa ananiuliza kwa wema, na wema wake ndio ulionibana. Angekuwa mkali, huenda ningemjibu kwa ukali, na yote yangemwagika pale pale.

"Zilikuwa sita," nikasema.

Sikusema uongo. Niliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko mzuri, na jioni nikaandika barua: kamati inawapongeza kwa bidii yenu na vifaa vyenu, inasikitika kwamba safari hii imewatanguliza wenye uhitaji zaidi. Kwa muda nilijiambia kwamba nilinyamaza ili kuwalindia heshima. Si kweli. Nililinda kiti changu.

Jumamosi niliipeleka mwenyewe. Mama mkubwa ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Kobero, kanga yenye vumbi bado kiunoni. Barua ilikuwa ya Kifaransa, akaniomba nimsomee. Nilimsomea yote, pamoja na pongezi. Nilitamani anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa.

"Kumbe walituona," alisema. "Walisema tuko na vifaa?"

"Walisema hivyo."

"Jirani atafurahi kusikia. Mashini yake ndiyo walishangaa sana." Akakunja barua vizuri, akaiweka ndani ya Kurani kabatini, mahali alipoweka vyeti vyangu vya shule. "Na wale walipata, wale wa Makebuko, walikuwa na nini?"

"Hawakuwa na kitu, mama mkubwa. Zizi tupu."

"Zizi tupu! Na wageni wakaingia wakaona?" Alishika shavu. "Masikini ya Mungu. Basi wapewe, ni haki yao. Sisi tutajikaza."

Nilimsogezea kiti akae tuzungumze, kwa sababu wakati ule nilidhani nitamwambia. Alikataa. Alisema akikaa sasa hivi hataweza kuinuka kuswali magharibi, na kesho malori yanaingia mapema.