Picha za Nyasi kutoka Australia

Nilirudi Mji wa Kale na picha nyingi za nyasi. Nilikuwa nimekaa Australia nikichuma zabibu, maana mimi sijui kutulia mahali, na kila Jumapili nilifuatana na wenyeji kutembea porini kutazama wanyama wa huko. Hadi leo harufu ya mkalitusi hunirudisha kule. Walinifundisha adabu ya pori: simama mbali, usimlishe mnyama, usimwite, usimfuate akiondoka. Niliishika adabu hiyo kupita wenyeji wenyewe. Wenzangu walirudi na picha za kangaruu. Mimi nilirudi na picha za mahali ambapo kwa mbali palikuwa na kangaruu.

Sikujua kwamba Mama alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili yangu. Jirani yetu, mwanamke hodari wa maneno, alimwambia mbele ya watu, katika duka la leso huko Biashara Street, kwamba mwanawe hakufika Australia yoyote. Amejificha Liwatoni, hapa hapa mjini, akikwangua mashua. Mama akaapa, "Akirudi, njooni kwangu mujionee kangaruu kwa macho yenu."

Wakaja. Sebule ikajaa, mahamri na kahawa vikapitishwa, na simu yangu nayo ikapitishwa.

"Nyasi," akasema wa kwanza.

"Nyasi tena," akasema wa pili.

"Hiki hapa kina masikio!" Mama akadakia.

Jirani akaivuta picha kwa vidole mpaka ikajaa kioo. "Shoga yangu, hili ni jiwe."

Lilikuwa jiwe kweli.

Mama akanigeukia. "Kwani ulifungwa miguu? Mbona hukusogea?"

"Ni heshima, Mama. Nilisimama nyuma ya mti, nikawatazama wakila."

"Wakila," akarudia taratibu. "Na salamu?"

"Kule hatusemi kitu."

"Umekwenda kwao, umejibanza nyuma ya mti, umewakodolea macho wakila, na hata hodi hukupiga?"

"Hebu tuonyeshe ulivyofanya," jirani akasema.

Nikatoka nje hadi kichochoroni, nikauacha mlango wazi, nikajibanza kwenye ukuta wa ng'ambo, nikaweka mikono machoni kama darubini. Ndani, wote wakaacha kutafuna. Nikarudi nyuma hatua moja, nikiambaa ukuta.

"Sasa waenda wapi?" jirani akauliza.

"Mukiacha kula, maana yake nimewasogelea mno."

Wakanijaribu. Wakitafuna, nabaki, wakisita, narudi. Bibi mmoja mzee akawa anasita makusudi, hamri mkononi, mpaka nikaishia mlangoni kwa fundi cherehani, aliyeniuliza nawachungulia akina nani.

Niliporejea karibu na mlango wetu, jirani alikuwa ameweka kikombe chini. "Nimekubali, alikwenda. Uongo mtu huupamba. Utovu wa adabu kama huu nani angejibunia?"

Mama alikuwa ameshinda. Nilimwona akiinua kidevu, kisha akakishusha, maana ushindi wenyewe haukuwa wa kutangazia watu.

"Rudi ndani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na upige hodi kwanza. Kisha uwaamkie mmoja mmoja, uanze na mkubwa."

Nikapiga hodi. Bibi mzee, mdomo umejaa, ndiye aliyenikaribisha.