Mshono Kwenye Tangi la Domitila

Kama una beseni lililopasuka hapo nyumbani, usilitupe kabla sijakusimulia habari za jirani yangu, Milembe Marcelo.

Nyumba yake iko pembezoni mwa mji wa Bariadi. Ukiingia uani utakuta vitu ambavyo kwingine vilishakuwa takataka: beseni la bluu lenye mshono kama kovu la mtu aliyepasuliwa hospitali, kibuyu cha maziwa kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu, kiti cha plastiki chenye mguu ulioungwa. Vyote vinafanya kazi. Tumekaa jirani miaka kumi na moja, na hadi leo nikiliona lile beseni limejaa maji bila kudondosha hata tone, nasimama kidogo.

Alizaliwa Lamadi, ziwani. Baba yake, mzee Marcelo, alikuwa fundi mitumbwi, na Milembe alikua akimsokotea pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao. Baadaye akaolewa huku Bariadi na Bundala, mkulima wa pamba, ambaye sasa ni marehemu. "Nilitolewa kwenye maji nikaletwa kwenye pamba," husema. "Mungu alijua vitakutana."

Vilikutana mwaka juzi, mwezi wa kumi, na aliyevikutanisha ni ng'ombe.

Nyumba ya tatu kutoka kwa Milembe wanaishi Domitila na mume wake Mayige. Domitila alikuwa na mimba ya miezi sita. Ile ya kwanza iliharibika, na safari hii nesi alimwambia wazi: ndoo usibebe. Mayige anashinda barabarani na bodaboda, na kisima kiko mbali, shuka korongo, panda korongo. Tegemeo lao lilikuwa tangi jeusi la lita elfu moja lililokaa chini ya bati likisubiri mvua. Maksai wao akasikia harufu ya maji kidogo yaliyobaki chini, akalisukuma kwa kichwa. Tangi likaanguka kutoka kwenye jukwaa la matofali, likagonga jiwe. Ufa ukapanda kutoka kwenye kitako hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima.

Mayige akafanya ambalo wengi wetu tungefanya. Akachukua sabuni ya mche, akausugulia ufa. Kwa dumu la maji sabuni inasaidia siku mbili tatu. Kwa tangi, haikumaliza hata asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," Domitila alimsalimia Milembe kwa Kisukuma, akimwita mama, alipokuja kulitazama tangi.

Milembe aliitikia, akainama, akanusa ufa. "Nani amelifua hili?"

"Ni mimi, mayu," Mayige akasema.

"Limetakata. Sasa bado kushika maji tu."

Kazi ya kwanza ikawa kuiondoa ile sabuni kwa majivu na gunzi la hindi, kwa sababu nta haishiki penye sabuni. Kisha akapasha moto spoki ya baiskeli, akatoboa tundu moja la mviringo juu kabisa, pale ufa unapoishia. Mimi niliyefuatana naye nikamuuliza kwa nini anatoboa kitu ambacho tayari kinavuja.

"Ufa una kichwa kama nyoka," akasema. "Usipokitoboa kichwa, unaendelea kutembea."

Nimejaribu tangu siku hiyo kwenye ndoo zangu mwenyewe. Ni kweli. Ufa ukifika kwenye tundu la mviringo unasimama.

Halafu akatoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, upana wa kidole kati ya moja na jingine, akashona kwa sindano iliyopinda ya magunia na uzi mnene wa nyavu. Akayeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo ya pamba, akachovya pamba iliyosokotwa, akaishindilia kwenye ufa kwa kisu butu. Yote hayo kwa nje, kama baba yake alivyomfundisha.

Mayige alisomba madumu kumi kwa pikipiki, safari tano. Tukamimina. Tangi likakaa kimya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha pamba ikaanza kutoka kama ulimi, na maji yakaifuata. Ardhi ikanywa madumu yote kumi mbele ya macho yetu. Domitila alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya tumbo.

"Mayu," Mayige akasema, "bora ungeniachia na sabuni yangu."

Hakuna aliyecheka. Milembe alikuwa ameinama kwenye tope akiokota vipande vya pamba, kimoja kimoja.

"Vyote vimeangukia nje," akasema polepole. "Nimeliziba kama mtumbwi. Mtumbwi maji yanausukuma kutoka nje, ndiyo yanayoikandamiza pamba. Hapa maji yako ndani, yanaitema. Kwenye mabeseni sikuliona hilo, maji yake hayana uzito."

"Sasa?" Domitila akauliza.

"Sasa kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, naingia."

"Unaingia wapi?"

Milembe akaonyesha mdomo wa tangi kwa kidevu.

Yeye ni mwembamba, lakini umri umezidi miaka sitini. Kesho yake tukalilaza tangi kivulini, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kupenyeza mabega.

"Ukikwama, mayu, tutakukamua kama dawa ya meno," Mayige akasema.

"Nikikwama utaniletea ugali humu humu. Na mboga usisahau."

Moto ulibaki nje. Nta tukampa kwenye kikombe cha bati. Mimi nilichungulia mdomoni mwa tangi, na nilichokiona sijakisahau. Ndani ni giza la chungu, na katikati ya giza hilo ufa ulikuwa mstari mmoja wa mwanga, umemwangukia usoni. Ule mshono wa jana aliukata. Akaanza upya, akisukuma sindano kutoka ndani, na Domitila akiipokea nje na kuirudisha tundu la pili. Wanawake wawili wanashona nguo moja, katikati yao ukuta, hawaonani.

"Vuta."

"Nimevuta."

"Kaza kama unafunga mzigo. Usikaze kama unanyonga."

Sauti yake ilitoka nene, kana kwamba tangi lenyewe ndilo linaloagiza. Mshono ulipokwisha akaanza kushindilia pamba, na mwanga ukawa unazimika kutoka chini kwenda juu, kipande kwa kipande. Ikabaki nukta moja, lile tundu la juu, kubwa kama punje ya uwele. Nayo ikazimika.

"Sasa sioni kitu," sauti ikasema. "Nitoeni."

Maji ya kujaribia hayakuwepo tena. Tukalirudisha tangi kwenye jukwaa, ufa ukitazama barazani ambako mvua haifiki, tukasubiri siku tisa.

Mvua ilikuja mchana, ya upepo na vumbi kwanza, kisha maji ya kweli. Tulisimama barazani sote. Milembe aligonga tangi kwa kifundo cha kidole: penye maji lilijibu zito, juu yake tupu. Mishono ilikuwa thelathini na minne. Maji yakapita wa tano. Yakapita wa kumi. Kwenye wa kumi na tisa tone likatokeza, likaning'inia. Domitila akashika mkono wa mume wake.

"Liacheni," Milembe akasema. "Pamba inakunywa."

Tone likaanguka. La pili lilichelewa sana. Nikangoja la tatu, nikangoja, halikuja. Pamba ilikuwa imejaa, imejifungia yenyewe. Milembe akagonga tena, juu ya lile tundu la kichwa cha ufa, na tangi likajibu zito.

Domitila alipitisha kiganja juu ya mshono, kutoka chini hadi juu, akakigeuza akakitazama. Kikavu. Akafungua bomba la tangi, akajaza kikombe, akampa Milembe kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu," akamshukuru.

Milembe akanywa. "Yananukia nyuki kidogo," akasema. "Itaisha."

Mtoto alizaliwa mwezi wa kwanza, na mama yake hakuwa amebeba ndoo hata moja. Maji ya kumwogesha siku walipotoka hospitali yalitoka kwenye bomba lile. Milembe ndiye aliyeyapima joto, kwa kiwiko.