Uzi wa Katani Ndani ya Jointi

Kazi yangu ni kutafuta mahali kebo ya umeme ilipoumia chini ya ardhi. Watu hudhani tunachimba tu mpaka tuione. Ingekuwa hivyo, mgongo wangu ungekuwa umeshakatika zamani. Mashine ya kwanza hutupa umbali wa kukadiria. Ya pili huipiga kebo mishtuko, mmoja kila baada ya sekunde chache, na pale penye jeraha mshtuko hutoa kishindo kidogo chini ya udongo. Kipo kifaa cha kusikilizia, kizuri tu, lakini mimi nikishakaribia huvua kofia, nikalala kifudifudi na kuweka sikio chini. Ndivyo nilivyofundishwa, na sijioni nikibadilika leo.

Siku hiyo mimi na mwenzangu wa kazini tulikuwa Ngombezi, kwenye kebo inayoendesha pampu ya maji ya kambi za wafanyakazi wa mkonge. Ilikuwa siku ya pili hakuna maji. Kina mama waliokuwa wakitoka mtoni na ndoo walisimama kunitazama nilivyolala pale kama mlevi.

"Fundi, huko chini wanasemaje?" mmoja akauliza.

"Wanawasalimia," nikasema, wakacheka wakaenda zao.

Kishindo nilikisikia vizuri, kando ya barabara ya matrekta. Siku nyingine ningefurahi. Lakini nilijua pale chini pana jointi, yaani mahali kebo mbili zilipounganishwa, na nilijua ni ya nani. Tuliifunga miaka kumi na moja iliyopita, fundi wangu na mimi, nikiwa bado najifunza kazi kwake. Mwenzangu naye alijua, maana alikuwa ameiona kwenye daftari la kebo.

"Mzee wako leo kaumbuka," alisema.

Hakuwa na ubaya. Fundi wangu alipostaafu alirudi kwao Kwedizinga na sifa moja, kwamba hakuna jointi yake iliyowahi kufukuliwa. Tulimtania sana kwa sifa hiyo, na yeye aliipenda kuliko hata pensheni yake.

Tulizima umeme, tukapima kuhakikisha, tukachimba. Nilipoupasua mpira wa nje, maji yalichuruzika. Upande mmoja palikuwa pameungua. Na hapohapo, chini ya ukingo wa mpira, nikaona nyuzi za katani, nyeusi kwa kuoza. Mwenzangu alikuwa juu akitafuta msumeno. Mimi nilikaa ndani ya shimo, nikizitazama.

Pale Ngombezi katani iko kila mahali. Watu hufungia kuku, milango, mizigo ya baiskeli. Fundi wangu hakutaka kuiona karibu na kazi yake. "Katani inakunywa maji," alikuwa akisema. "Funga nayo kuku, usifunge nayo kebo." Nilimsikia akisema hivyo labda mara mia.

Siku tuliyoifunga jointi ile, asubuhi alipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba mkewe amezidiwa. Kebo zilikuwa zimeshamenywa, ziko wazi, na mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milimani. Nilimwambia aende, nitamalizia mimi. Aliyatazama mawingu, kisha akasema, "Jointi haiachwi wazi," akapiga magoti akaendelea. Aliinama hapo mpaka adhuhuri. Kazi yote ya ndani aliifanya kwa mikono yake, na mimi nilikuwa nampa vifaa tu.

Alipokwenda kutawadha na kuswali, ulibaki mpira wa nje, ule unaosinyaa na kubana ukipigwa moto. Nilitaka arudi akute kumekwisha, awahi basi. Mpira ukawa unateleza, haukai mahali pake. Nikaokota uzi wa katani njiani, nikauzungusha kwenye kebo uwe kizuizi, nikawasha tochi ya gesi. Nilikusudia kuutoa uzi kabla mpira haujabana. Nikamwona anakuja haraka, begi begani, nikakazana na moto. Uzi ukabaki ndani. Alipofika aliona mpira umekaa vizuri, akanishika bega, akaondoka.

Alifika kwao magharibi. Mkewe alikuwa amefariki alasiri.

Miaka yote baada ya hapo nimemsikia akisema, "Mama watoto nilimkosa, lakini kazi sikuiacha wazi." Alikuwa akilisema hilo bila kuulizwa, kama mtu anayejipapasa mfukoni kuona kama ufunguo bado upo.

Jumapili nikaenda Kwedizinga. Njia nzima nilijiambia kwamba nakwenda kumrudishia sifa yake, na nitakiri kama mwanaume. Nilimkuta uani kwenye mkeka, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Amekonda, na macho hayaoni vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nasikia mmenifukua."

Kumbe habari ilikuwa imenitangulia. Nilitamani kumtia kofi aliyeipeleka. Nikakaa ukingoni mwa mkeka, na kabla sijafungua mdomo akaendelea.

"Siku zote hizi naipitia kichwani, hatua kwa hatua, sioni nilipokosea. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka siku ile. Mwili uko Ngombezi, roho iko huku. Basi, nimekosa vyote viwili. Mke na kazi."

"Mzee, si wewe," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote: mpira ulivyoteleza, uzi, moto, begi lake begani. Nakiri kwamba ndani yangu nilitegemea anisamehe, hata anishukuru kidogo. Hakunikatiza. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa umesimama juu ya hindi.

"Uliufunga ili niwahi basi," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Na ile ya ndani? Yangu?"

"Ilikuwa nzima. Maji yaliingilia kwenye uzi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikadhani amefarijika. Nikaanza hata kutabasamu, Mungu anisamehe.

"Asubuhi ile uliniambia niende," akasema.

"Ndiyo."

"Ningekwenda, ungeifunga wewe. Ingedumu miaka kumi na moja, kama ilivyodumu. Ingekufa kwa uzi wako, kama ilivyokufa." Aligeuza uso upande niliokuwa, ingawa sidhani kama aliniona. "Na mimi ningemkuta mwenzangu bado anaongea."

Alisubiri kidogo, labda alitaka nimkatalie. Kisha akarudia hindi lake, akawa anapukuchua polepole, na punje zikaanguka nje ya ungo, na hakuziokota.