Mtindi wa Milembe na Tochi ya Trafiki

Kijijini Sapiwi, watoto wakitaka kumchokoza mwenzao aliyechelewa shuleni humwambia, "Umekuja na Probox ya Milembe nini?" Milembe Ngassa mwenyewe akilisikia neno hilo hufurahi kana kwamba kapewa ndama jike. Ana miaka arobaini na tisa, ana Probox nyeupe yenye mlango mmoja wa bluu, na ana miaka kumi na moja barabarani bila kuandikiwa kosa hata moja. Si kwamba anawaogopa trafiki. Anachokiheshimu ni mtindi.

Biashara yake ni hiyo, mtindi wa vibuyu. Maziwa yanakaa kwenye kibuyu mpaka yagande na mafuta yapande juu, yatulie pale kama mgeni aliyepewa kiti. Huku kila mtu aliyelelewa na bibi anajua kibuyu kikitikiswa kinafanya nini: mafuta yanakusanyika, yanakuwa siagi, na kinachobaki chini ni maji meupe ya kunywesha mbwa. Wateja wa Rehana, mwenye hoteli karibu na stendi ya Bariadi, wanataka mtindi wenye mafuta yake juu, mazima, bila ufa. Rehana hufungua kizibo, huchungulia, na akiona hata chembe moja ya siagi hurudisha kibuyu na kusema, "Kapike samli, dada yangu, mimi siuzi samli."

Kwa hiyo Milembe husimamisha vibuyu vyake ndani ya sanduku la mbao, huvikaza kwa mabua ya mpunga, kisha huendesha. Arobaini. Arobaini na tano, akiwa na furaha. Kwenye tuta huingia kama mtu aliyechelewa misa, polepole, kichwa chini, asimsumbue mtu.

Alipotaka kununua gari, kaka yake Mayige aliitisha kikao cha ukoo kulipinga jambo hilo. "Mwanamke akishika usukani," alisema mbele ya watu, "siagi itapatikana njiani." Watu wakacheka. Milembe hakucheka. Alinunua gari, na kwa miaka kumi na moja hajawahi kurudishiwa kibuyu hata kimoja. Kila Krismasi humpelekea Mayige kibuyu kizima na kukifungua mwenyewe mbele yake, aone.

Basi ikawa Alhamisi moja, msimu wa pamba, malori yamejaa barabarani kama siafu. Rehana alikuwa na wageni wa harusi na alitaka vibuyu sita kabla ya chakula cha mchana. Milembe alivuka kibao cha hamsini akiwa na arobaini na nne, akihesabu matuta kimoyomoyo kama anavyofanya siku zote, ndipo Land Cruiser ya polisi ilipompita kama imeitwa mbinguni. Haikuwa na king'ora wala taa. Ilimpita kwenye mstari usioruhusiwa kupita, dereva wake kashika simu sikioni, mkanda unaning'inia mlangoni kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu. Milembe alisogea pembeni, mkono mmoja ukilishika sanduku, akatamka neno la Kisukuma ambalo mke wa mchungaji wake angemkatalia kulifasiri.

Kilomita mbili mbele, kizuizi. Koplo Dastan, kijana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa kuliko kioo cha gari, aliinua mkono.

"Habari ya safari, mama."

"Nzuri, baba. Mwangaluka," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Naomba leseni." Aliipokea, akaiangalia, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kazi. "Mama, leo umekimbia."

"Nimekimbia wapi?"

"Kwenye kibao cha hamsini. Tochi ya mwendo imekusoma themanini na saba."

Milembe alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Baba, gari hii themanini na saba imechorwa pale kwenye mshale kama urembo tu. Haijawahi kufika huko."

Nyuma yake, Jumbe, dereva wa lori la pamba, alitoa kichwa dirishani. "Nani, Milembe? Afande, huyo mama amewahi kupitwa na mkokoteni wa punda!"

"Punda walikuwa wanateremka mlima!" Milembe alimjibu. "Sema yote, Jumbe!"

Dastan hakutaka habari za punda. Alitoa simu, akafungua picha aliyotumiwa na mwenzake aliyejificha nyuma ya mkonge na tochi yake. Probox ilionekana vizuri, namba zake, mlango wake wa bluu, na juu yake tarakimu nyekundu: 87. Lakini upande wa kulia wa picha kulikuwa na kitu kingine, boneti nyeupe yenye mlingoti wa redio, inaingia kwenye picha kama mbuzi anayeingia jikoni.

"Na hii pua ni ya nani?" aliuliza Milembe.

"Hiyo haihusiki."

"Inahusika sana. Ndiyo yenye haraka."

Haikuhitaji kutafutwa. Land Cruiser yenyewe ilikuwa imeegeshwa hatua kumi kutoka hapo, na dereva wake amekaa kivulini, anamenya kiazi kitamu cha kuchemsha.

"Gari la serikali lina kazi zake, mama," alisema Dastan.

"Kazi naiona. Ina maganda."

Jumbe aligonga mlango wa lori kwa furaha. Dastan akakaza uso. "Mama, mashine haidanganyi."

"Haijadanganya. Imesema kuna mtu anakwenda themanini na saba. Nyie hamkuiuliza ni nani."

"Saini hapa, ukalipe taratibu," alisema Dastan, akimwelekezea mashine ya faini.

Kulipa angelipa, faini isingemwangusha. Lakini karatasi ile ingekuwa imeandikwa mwendo kasi, na jina lake chini yake, na habari ingefika kwa Mayige kabla Probox haijafika nyumbani. Rehana naye angeanza kuchungulia kila kibuyu kwa macho mawili. Miaka kumi na moja ingemwagika pale pale kwenye vumbi. Milembe alizima gari, akashuka, akatia funguo ndani ya blauzi mahali ambapo hata serikali haifiki.

"Niitie mkubwa wako."

Mkubwa alikuja mwenyewe, kitambi mbele, yeye nyuma. Mkaguzi Mboje alikuwa amesikia kelele akiwa chini ya mwavuli.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tatizo nini?"

"Mwangaluka mhola. Afande, wewe kwenu ni wapi?"

"Ipililo."

"Umewahi kusukasuka maziwa?"

Mboje akatabasamu bila kupenda. "Mayu, huu mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto kwa sababu ya kibuyu cha bibi yangu."

"Basi njoo." Milembe alifungua nyuma ya Probox, akaondoa mabua. "Viko sita. Chagua mwenyewe, wasije wakasema nimekupangia."

Mboje alichagua cha nne. Alivua kofia, jambo ambalo hakuwafanyia hata wabunge, akachomoa kizibo taratibu, akachungulia. Mafuta yalikuwa juu, manjano, yamelala kitu kimoja ukingo hadi ukingo, hayana hata mkunjo.

"Toka Sapiwi hadi hapa," alisema Milembe, "kuna matuta ishirini na mawili. Tuta moja liko hatua tatu baada ya yule mwenzenu wa kwenye mkonge. Kwa themanini na saba ungekuta nini humo?"

"Siagi," alisema Mboje kwa sauti ya chini, kama mtu anayejibu padri. "Na vipande vya kibuyu."

"Lakini afande," Dastan aliingilia, "maziwa si ushahidi kisheria."

"Wewe umekulia maziwa ya pakiti," alisema Mboje. "Nyamaza."

Mboje aliitazama picha. Akaitazama Land Cruiser. Dereva wa Land Cruiser akaacha kumenya. Mkaguzi akakohoa, akarudisha kizibo, akavaa kofia na pamoja nayo cheo chake. "Haya, mayu. Nenda tu. Nimekusamehe."

Mtu mwingine angekimbia, na angekuwa na haki ya kukimbia. Milembe hakusogea.

"Unanisamehe nini?"

"Si nimekuachia?"

"Anayesamehewa amekosa. Kaka yangu ataniuliza nimesamehewa kosa gani, nimjibu nini?"

Simu yake ililia. Alikuwa Rehana, na sauti ya Rehana haihitaji spika. "Milembe, uko wapi? Wageni wanakaa!"

"Nimeshikwa na trafiki. Wanasema nakimbia sana."

Rehana akapaza sauti zaidi: "Wewe? Hebu mpe simu huyo askari! Mpe simu!"

Mboje alirudi nyuma hatua mbili kama aliyeonyeshwa nyoka. "Dastan, futa hiyo picha. Na umwambie mwenzako naye afute."

"Tumefuta, afande."

"Picha imefutwa," alisema Milembe. "Lakini kuambiwa nimekimbia, nimeambiwa kwa sauti, mbele za watu."

Mkaguzi aliangalia foleni. Malori sita, bodaboda wasiohesabika, mama mmoja na kuku wake, wote wamenyoosha shingo. Alivuta pumzi. "Huyu mama hajakosa."

"Ana jina."

"Milembe Ngassa hajakosa."

"Huku nyuma hatujasikia!" alipiga kelele Jumbe.

Ndipo Mkaguzi Mboje alipotoa ile sauti ya gwaride, sauti inayoanzia kwenye mkanda. "Milembe Ngassa hajakosa! Aliyekuwa na mwendo kasi ni gari letu!"

Hilo la mwisho hakuna aliyeliomba. Lilimtoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka alibaki mdomo wazi, kama anatafuta namna ya kulirudisha. Bodaboda walipiga makofi. Dereva wa Land Cruiser aliingia garini na kufunga mkanda, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

Milembe alichukua leseni yake mkononi mwa Dastan, akatoa funguo, akakikandamiza upya kizibo cha kibuyu cha nne, kwa kuwa wanaume hawajui kuziba, akarudisha mabua na kukaa kwenye usukani.

"Asante, afande," alisema. Kisha akamgeukia Dastan, aliyekuwa bado ameshika mashine ya faini bila kujua aielekeze wapi, na kwa kidevu akamwonyesha Land Cruiser. "Baba, yule pale. Mwandikie."

Akaondoka kwa arobaini na mbili.